Uchambuzi wa kisa: VM ya AlmaLinux 9 inakufa kila ikiwaka kwenye seva ya mwaka 2009

Wakuu, hiki kisa nakiandika kirefu kwa sababu nimeona watu wengi wakikutana nacho wanaishia kutupa seva nzima ambayo bado ina nguvu, na roho inaniuma kila nikisikia mtu anasema mashine imezeeka haiwezi tena, wakati mashine yenyewe hata haijaulizwa.

Mazingira yako hivi. Seva ina prosesa mbili za Xeon E5520, zile za kizazi cha Nehalem zilizotoka 2009, kila moja ina kori nne, RAM ipo ya kutosha na diski zilishabadilishwa zamani zikawekwa SSD. Juu yake kuna Proxmox VE 8, ambayo kwa ndani inatumia QEMU na KVM kuendesha mashine pepe, yaani VM, kompyuta za kuigizwa ndani ya seva moja. Anayeisimamia ni jamaa yangu, mtu makini kabisa, kazi yake anaijua. Kwenye hiyo seva kulikuwa na VM yenye mfumo wa Linux uitwao CentOS 7 iliyofanya kazi miaka na miaka bila kelele, ila CentOS 7 ilifika mwisho tarehe 30 Juni 2024, hamna tena viraka vya usalama, kwahiyo jamaa akaamua kuhamia AlmaLinux 9, Linux nyingine. Akatengeneza VM mpya, akaweka ISO (faili la kusakinishia mfumo), akabonyeza start. Hapo ndo mambo yakaanza.

Mara ya kwanza VM haikuwaka kabisa, yaani hata skrini nyeusi haikuja. Proxmox ilirudisha ujumbe kwamba mashine mama (seva yenyewe inayobeba VM) haina kitu kinachoitwa `aes` halafu chini yake `Host doesn't support requested features`, basi, ikaishia hapo. Jamaa akatafuta mtandaoni akakuta ushauri ambao umezagaa kila kona: nenda kwenye setingi za prosesa za VM, badilisha aina ya CPU weka kvm64. Akabadilisha. Na kweli VM ikawaka, menyu ya kusakinisha ikatokea, akachagua, maandishi yakapita mbio mbio, kisha ikaganda na mistari mingi ya ajabu chini, mmoja wapo ukiwa huu:

`Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00`

Akawasha tena, ikawa vilevile. Akashusha ISO upya, vilevile. Akapunguza RAM ya VM, akaongeza, akabadilisha bayosi ya VM kutoka SeaBIOS kwenda OVMF, akabadilisha aina ya diski, yote yanaishia palepale. Mpaka ananitafuta alikuwa ameshafika kwenye hitimisho kwamba RAM ya seva imekufa au prosesa zimechoka, na ofisini kwake walishaanza kuzungumzia kununua nyingine.

Sasa kabla ya kugusa kitu chochote mi huwa nasoma kwanza dalili zenyewe zinasemaje, na hapa kuna dalili moja ambayo watu huipita tu: VM ilikuwa inakufa palepale, kila mara, na namba ileile ya exitcode. RAM mbovu haina tabia hiyo. RAM mbovu leo inakuangushia kerneli (kiini cha mfumo), kesho inakuharibia faili, keshokutwa VM nyingine kabisa ndo inaanguka, yaani inatangatanga. Kitu kinachokufa mahali pamoja kwa sababu ileile mara zote ni kitu ambacho kimeamuliwa, kuna programu mahali fulani imeangalia jambo, haikuridhika, ikajifunga. Hiyo peke yake ilitosha kunifanya niiweke RAM mwisho wa foleni. Halafu kulikuwa na ushahidi wa pili ambao jamaa alikuwa nao mkononi siku zote, kwamba VM ya CentOS 7 iko kwenye seva hiyohiyo, inatumia RAM hiyohiyo na diski hizohizo, na inapiga kazi bila shida. Kama ni vyuma vimekufa, CentOS 7 inaponaje?

Tuje kwenye hiyo namba, maana imebeba habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Programu namba moja kwenye Linux, ile init, hairuhusiwi kufa, ikifa tu kerneli inapiga paniki, haina njia nyingine. Kwahiyo ule mstari unachosema ni kwamba init imekufa, na `exitcode` inakuambia imekufaje. Zile tarakimu mbili za mwisho ni ishara iliyoiua kama iliuliwa, na mbili zinazotangulia ni msimbo iliotoka nao kama ilitoka yenyewe. Ukikuta `0x0000000b` hiyo ni ishara namba 11, programu imegusa memori isiyo yake, hapo sawa unaweza kuanza kufikiria faili zilizoharibika au RAM. Ukikuta `0x00000004` hiyo ni ishara namba 4, prosesa imepewa amri isiyoijua. Yetu ilikuwa `0x00007f00`, ishara ni sifuri, maana yake hakuna aliyeiua, imetoka yenyewe kwa msimbo 7f ambao ni 127. Sasa programu inayoamua kujitoa kwa kawaida huwa inasema kwanza kwanini inatoka. Kwahiyo mahali fulani kuna mstari wa maneno ulioandikwa kabla ya paniki, tatizo ni kwamba hatuuoni.

Na hatuuoni kwa sababu ya kijinga kabisa, skrini ni fupi. Konsoli ya kawaida ya VM ina mistari michache, paniki inapokuja inamwaga orodha ndefu ya kolu za kerneli na rejista za prosesa, zile namba namba, na mstari muhimu unasukumwa juu unapotea, huwezi kurudi nyuma kwa sababu mfumo umeshaganda. Mtu anapiga picha ya kile kilichobaki anaanza kukitafuta hicho mtandaoni, na kilichobaki ni matokeo tu wala sio chanzo. Nasisitiza hapa kwa sababu naona ndo kinachowapotezea watu muda mwingi kuliko kitu kingine chochote: kwenye paniki ya kuwaka usisome chini, tafuta juu.

Njia ya kuupata ule mstari kwenye Proxmox ni kuipa VM konsoli ya seriali. Kwenye terminali ya mashine mama unaandika

`qm set 105 --serial0 socket`

ambapo 105 ni namba ya VM yako, halafu unaiwasha VM, unaingia `qm terminal 105` kwenye dirisha jingine, na kwenye menyu ya kuwaka unabonyeza kitufe cha kuhariri (`e` kama ni GRUB, Tab kwa zile menyu za zamani), unafuta neno `quiet` na mwishoni mwa mstari wa kerneli unaongeza `console=ttyS0,115200`. Sasa kila kitu kinachotoka kinakuja kwenye terminali yako kama maandishi ya kawaida, unaweza kupandisha juu, unaweza kunakili, hakuna kinachopotea. Anayetumia virsh (komandi nyingine ya kusimamia VM) naye anayo `virsh console`, wazo ni lilelile.

Tukafanya hivyo, na juu ya paniki ukatokea huu hapa:

`Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2`

Angalia kitu kimoja kwenye huo mstari, mistari yote ya kerneli inaanza na muda kwenye mabano ya mraba, huu hauna muda. Kwasababu haukuandikwa na kerneli. Umeandikwa na glibc, maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux inaiegemea. Mstari uliotangulia ulikuwa `Run /init as init process`, maana yake kerneli ilimaliza kazi yake salama kabisa, ikakabidhi usukani kwa init, init ikaiita glibc, glibc ikamuangalia CPU, ikakataa.

Hapa inabidi nieleze hii x86-64-v2 ni mnyama gani, maana ukiielewa hii kisa kizima kinafunguka. Prosesa za biti 64 za familia hii zilianza 2003 na AMD, na kwa miaka mingi programu za Linux zimekuwa zikitengenezwa kwa kiwango cha zile prosesa za mwanzo kabisa ili ziwake popote. Shida ni kwamba prosesa zilikuwa zinaongezewa amri mpya kila baada ya muda, na programu za jumla zilikuwa haziwezi kuzitumia. Mwaka 2020 AMD na Intel wanaotengeneza prosesa, pamoja na Red Hat na SUSE wanaotengeneza Linux, wakakubaliana kugawa vizazi kwenye ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni ile ya msingi. Ngazi ya pili, v2, inadai amri za ziada zenye majina kama SSE3, SSSE3, SSE4.1, SSE4.2, POPCNT, CMPXCHG16B na LAHF/SAHF. Ya tatu inaongeza AVX, AVX2, BMI1, BMI2, FMA na wenzake. Ya nne ni AVX-512. Red Hat walipotoa RHEL 9, Linux yao, mwezi Mei 2022 wakaijenga yote kwa ngazi ya pili, na mifumo inayoifuata kama AlmaLinux 9 na Rocky Linux 9 ikarithi hivyohivyo. Ndo maana CentOS 7 yake iliwaka bila neno, yenyewe inadai ngazi ya kwanza tu.

Na kwanini kerneli yenyewe haikulalamika? Kwasababu kerneli kwa kawaida inatengenezwa bila kutumia amri za SSE kwenye kazi zake, na kujenga programu zote kwa v2 hakuigusi. Kwahiyo unapata hii hali inayochanganya sana, mfumo unawaka nusu, unaona diski zinatambuliwa, mtandao unatambuliwa, unasema naam iko vizuri, halafu kwenye mlango wa kuingia ndani inaanguka.

Sasa swali la msingi. Je E5520 ni v2 au sio? Kwenye orodha ya hapo juu hakuna kitu hata kimoja ambacho Nehalem haina. SSE4.2 na POPCNT kwa upande wa Intel zilianza na Nehalem yenyewe. Yaani hiki kizazi ndo cha kwanza cha Xeon na Core za Intel kutimiza v2, hakikosi hata kidogo! Kwahiyo glibc inasema CPU haiwezi, na CPU inaweza. Mmoja wao kadanganywa.

Tukaenda kuuliza pande zote mbili. Glibc kuanzia toleo la 2.33 ina komandi nzuri sana ambayo naomba kila mtu aikariri:

`/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help`

Mwishoni inaorodhesha zile ngazi na kukuambia ipi inakubalika. Kwenye mashine mama ilitoka `x86-64-v2 (supported, searched)`, safi kabisa. Halafu nikamwambia jamaa aweke ISO ya Debian 12, Linux nyingine, kwenye VM ileile inayokufa, asibadilishe kitu kingine chochote. Debian 12 ikawaka vizuri kwa sababu Debian ya amd64 imebaki kwenye ngazi ya kwanza. Ndani ya Debian tukaandika komandi ileile, na v2 haikuwa na neno supported. Tukaangalia `lscpu`, jina la prosesa likasomeka `Common KVM processor`, na kwenye bendera zake (orodha ya uwezo wake) ssse3, sse4_1, sse4_2 na popcnt zote hazipo. (Kwenye orodha hiyo SSE3 inaandikwa `pni`, usije ukaitafuta kwa jina lake ukadhani imekosekana.)

Hapo kisa kimeisha kwa upande wa chanzo. Kvm64 ndo iliyoficha.

Ngoja nieleze inafichaje kwa sababu wengi wanadhani VM inaiona prosesa moja kwa moja. Haiioni. Programu ikitaka kujua CPU ina uwezo gani inatumia amri inaitwa CPUID, na kwenye prosesa za Intel VM ikitoa amri ya CPUID, lazima prosesa isimame na kumrudishia udhibiti haipavaiza (programu inayoendesha VM, hapa ni KVM na QEMU), kila mara, hakuna njia ya kukwepa. Haipavaiza ndo anayejibu, na anajibu kile alichoandikiwa kwenye setingi. Kwahiyo mfumo wa ndani unaishi kwa maelezo ya kusikia tu, kama mgeni anayeoneshwa nyumba kwa kufunguliwa milango fulani na mingine ikabaki imefungwa. Na cha ajabu zaidi, zile amri zenyewe za SSE4.2 na POPCNT haipavaiza hazizuii, programu ikizitumia bila kuuliza zitafanya kazi kabisa kwa sababu zinakimbia moja kwa moja kwenye chuma. Ila glibc ni mstaarabu, inauliza kwanza, na ikijibiwa hapana inajitoa. Na ni bora hivyo, maana bila huo ukaguzi, kwenye prosesa ambazo kweli hazina hizo amri programu zingekuwa zinakufa ovyo katikati ya kazi bila maelezo.

Kvm64 sio kitu kibaya, nisieleweke vibaya. Iliwekwa kama prosesa ya kufikirika iliyo karibu na zile Pentium 4 za mwishoni, ili VM iweze kuhamishwa ikiwa inawaka kutoka mashine mama moja kwenda nyingine hata kama prosesa zao hazifanani, mradi kila mmoja anaweza kutimiza kile kidogo. Kwa enzi yake ilikuwa sawa. Kwa mfumo uliojengwa kwa v2 haifai tena, basi.

Na ule ujumbe wa kwanza kabisa, wa aes? Huo nao ulikuwa unasema ukweli mtupu. Proxmox VE kuanzia toleo la 8.0, ukitengeneza VM mpya kwenye ukurasa wake inakuwekea aina inayoitwa `x86-64-v2-AES`, yaani v2 pamoja na amri za kusimba za AES. Amri hizo zilikuja na Westmere mwaka 2010, kizazi kinachofuata baada ya Nehalem. E5520 haina. Kwahiyo Proxmox ikakataa waziwazi kuanzisha VM kwa ahadi ambayo chuma hakiwezi kuitimiza, na hiyo ni tabia nzuri sana, ingekubali kimyakimya tungeteseka zaidi. Jamaa alikuwa hatua moja tu pembeni ya jibu. Ule ushauri wa mtandaoni ukamrusha kutoka juu kidogo mpaka chini kabisa, akapita katikati ambako ndo kulikuwa na jibu: aina ya `x86-64-v2` bila AES, ipo kwenye orodha hiyohiyo, na imewekwa kwa ajili ya Nehalem kwenda juu.

Komandi ni hii tu:

`qm set 105 --cpu x86-64-v2`

Halafu kuna mtego hapa. Ukibadilisha aina ya CPU wakati VM inawaka, kisha ukaenda ndani ya VM ukaandika reboot, hakitabadilika kitu, kwa sababu mchakato wa QEMU unabaki uleule, mfumo wa ndani ndo unajizungusha tu. Lazima VM izimwe kabisa kisha iwashwe kutoka nje, au utumie reboot ya Proxmox yenyewe ambayo inazima na kuwasha upya na mabadiliko yakiwa yameingia. Nimeshaona mtu akibadilisha setingi sahihi, akafanya reboot ya ndani, akaona hali ni ileile, akaitupa setingi sahihi akaendelea kutafuta. Inaumiza.

Ilipozimwa na kuwashwa, kisakinishi cha AlmaLinux 9 kikafunguka kama kawaida na kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Jamaa akauliza kwanini tusiweke `host` tu, ile inayoonesha CPU yote kama ilivyo. Kwa seva moja iliyo peke yake ni sawa kabisa, tena ndo inayotoa kila uwezo uliopo. Ila kama una mashine mama mbili tatu zenye prosesa tofauti na unahamisha VM zikiwa zinawaka, host itakutia matatani, VM inaweza kuhamia kwenye prosesa isiyo na amri ambazo tayari imeshajua ipo nazo, ikaanguka katikati. Kwake yeye kuna mpango wa kuongeza seva ya pili kwahiyo tukabaki na x86-64-v2.

Kitu kingine ambacho tulikiangalia kwenye seva nzima kwa sababu kinajificha: VM za zamani zilizotengenezwa kabla ya Proxmox 8 nyingi hazina mstari wa `cpu:` kwenye faili yao ya usanidi, na mstari usipokuwepo maana yake ni kvm64. Kuapgredi Proxmox hakuzibadilishi. Kwahiyo unaweza kuwa na Proxmox mpya kabisa, seva mpya kabisa ya mwaka huu, na ukachukua VM yako ya zamani ukaisakinishia AlmaLinux 9, ikafa kwa paniki hiihii. Yaani wala sio ugonjwa wa vyuma vya zamani peke yake. Windows 11 24H2 nayo iko kwenye kundi hilo, inadai SSE4.2 na POPCNT, kwenye VM ya kvm64 haiwaki. Ukitaka kuzikagua zote kwa mpigo, `grep -L '^cpu:' /etc/pve/qemu-server/*.conf` inakuonesha faili zisizo na huo mstari (VM yenye snapshoti, yaani nakala ya hali yake ya nyuma, inaweza kukudanganya kidogo, maana mstari unaweza kuwa upo kwenye sehemu ya snapshoti tu, hizo zifungue uangalie kwa macho).

Sasa upande wa pili wa shilingi, vipi kama kweli chuma hakina? Hapa inabidi niseme wazi maana kuna watu wanahangaika na setingi kwenye mashine ambazo setingi haiwezi kuzisaidia. Core 2 Quad za mwisho za Intel zina SSE4.1 lakini hazina SSE4.2 wala POPCNT. Phenom II ya AMD ina POPCNT lakini haina SSSE3 wala SSE4.1. Hizo sio v2 na KVM haiwezi kuzibuni, kwa sababu KVM inaachia amri zikimbie kwenye chuma, na chuma hakizijui. Njia ni mbili. Ya kwanza na ndo ninayoipendekeza kwa moyo wote, weka mfumo unaokubali ngazi ya kwanza, Debian 12 na hata 13 za amd64 zinawaka hapo vizuri. Ya pili ni kuzima KVM ukaiacha QEMU iigize prosesa nzima kwa programu, hapo inaweza kuigiza chochote, hata AVX2 kuanzia QEMU 7.2, ila mwendo wake ni wa kobe, inafaa kujaribia kitu kidogo au kutoa data kwenye diski, huduma ya watu usiiweke hapo.

Na sio kila VM inayokufa kwenye kuwaka ina huu ugonjwa. Ukikuta `VFS: Unable to mount root fs` hiyo ni habari ya initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia kuwaka) kukosekana au diski kutoonekana. Ukikuta dracut (ndo inayotengeneza hiyo initramfs) inasubiri sana halafu inakutupa kwenye sheli ya dharura, mara nyingi mtu amehamisha diski kutoka SATA kwenda VirtIO na initramfs ya zamani haina draiva zake, irudishe kwenye SATA iwake, tengeneza initramfs upya kwa `dracut -f --add-drivers "virtio_blk virtio_scsi virtio_pci"`, kisha ndo uhamishe. Hizo hazina uhusiano na ngazi za CPU.

Kulikuwa na mkia wa kisa. VM ilipowaka jamaa akasakinisha huduma zake, na moja wapo ilikuwa hifadhidata ya MongoDB, akaweka toleo la 5.0 kwenda juu. Ikagoma kuanza, `Illegal instruction`, na kwenye dmesg kuna `trap invalid opcode`. Akaniambia tumerudi kulekule. Hapana, hapa ni kingine, japo ni ndugu yake. MongoDB kuanzia 5.0 inadai AVX, na AVX kwa Intel ilianza na Sandy Bridge mwaka 2011. E5520 haina, hapa hakuna aliyefichwa kitu. Tukahakikisha kwa njia ileile, `grep avx /proc/cpuinfo` kwenye mashine mama, ikarudi tupu. Ukikuta tupu kwenye mashine mama acha kabisa kugusa setingi za VM, unapoteza muda wako. Akawaza kununua zile Xeon 5600 ambazo zinaingia kwenye soketi ileile, bayosi ikiwa inazikubali. Zingempa AES, ndio, lakini nazo ni Westmere, AVX bado hazina, nikamwambia hela hiyo aihifadhi. Hifadhidata ikahamishiwa kwenye mashine nyingine yenye prosesa ya baadaye, na VM ya seva hii inaifikia kwa mtandao.

Kuhusu toleo la 10 la hii mifumo, RHEL na AlmaLinux, aliniuliza na nadhani wengi mtauliza. RHEL 10 iliyotoka Mei 2025 imepanda mpaka v3, kwahiyo inadai AVX2, na kwa Intel hiyo ni Haswell ya 2013 kwenda juu. Kwenye E5520 kerneli itawaka halafu glibc itasema neno lilelile, ila mwishoni kutakuwa na v3 badala ya v2, na safari hii itakuwa inasema kweli. AlmaLinux 10 wametengeneza toleo la pembeni la x86_64_v2 kwa ajili ya mashine za aina hii, kwahiyo njia ipo, ila angalia kwanza kama programu za watu wengine unazozitegemea zinapatikana kwa hilo toleo, maana zilizojengwa kwa v3 hazitakubali. Jamaa yeye hana haraka, toleo la 9 linapata viraka mpaka 2032. Amebaki hapo, seva haijauzwa, na kwenye sehemu ya maelezo ya kila VM ameandika aina ya CPU na sababu yake, ili atakayekuja baada yake asiirudishe kvm64 siku ambayo itakataa kuhusu aes.